Sura ya Sita: Kurunzi na Mnunuzi Wake Mjini Guangzhou

Mkunga aitwaye usiku katika zahanati ambayo umeme wake umekatika, mlinzi azungukaye ghala la korosho, mkulima arejeaye nyumbani kwa njia ya nyasi ambamo kifutu hulala, na mtoto apelekwaye msalani usiku wa manane, wote hawa huweka usalama wao katika chombo kisichozidi urefu wa kiganja. Kwa hiyo swali la kurunzi ipi inunuliwe, ijapokuwa bei yake ni ndogo na maduka yaiuzayo ni mengi, lastahili kupewa sura nzima, na lastahili kujibiwa kutoka mahali ambapo nyingi katika kurunzi zetu huanza safari yao, yaani Guangzhou.

Mji huo, ulio makao makuu ya jimbo la Guangdong kusini ya China, ulizoeana na wasafiri wa Bahari ya Hindi karne nyingi kabla ya tijara ya makontena. Msikiti wake wa kale wa Huaisheng, ambao mapokeo ya Waislamu wa huko huunasibisha na Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, una mnara wa takriban mita 36 ambao zamani ulikuwa ukitiwa taa kileleni ili manahodha waitambue bandari. Leo wageni watokao kwetu hawangojei kaskazi wala kusi. Huja kwa ndege, na wengi hushukia mtaa wa Xiaobei katika wilaya ya Yuexiu, ambako tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wafanyabiashara wa Kiafrika wamekuwa wakipanga vyumba, wakitafuta wakalimani na kufunga mizigo, na ambako mtu wa Kariakoo, Mombasa au Kampala aweza kukisikia Kiswahili katika lifti ya jengo la Tianxiu. Mwenye kutaka kuviona viwanda vingi kwa siku chache huja Aprili au Oktoba, yanapofanywa maonyesho makubwa ya biashara yaliyoanza mwaka 1957 na ambayo siku hizi hukaa katika kumbi za Pazhou, kando ya mto.

Katika mji huo na miji iuzungukayo mna kurunzi za kila daraja. Kampuni ya Nitecore, iliyoanza mwaka 2007, ina makao yake Guangzhou, na kurunzi zake huuzwa ghali katika nchi za Ulaya na Marekani. Kampuni ya DP, ambayo taa zake za plastiki za kuchaji zimeenea Afrika na Uarabuni, nayo ni ya mji huo huo. Fenix na Olight zipo Shenzhen, si mbali. Na mji mdogo wa Guzhen, katika Zhongshan, umejaa maduka ya taa mtaa hadi mtaa. Pamoja na hizo zimo karakana zisizo na jina, ambazo huchapa juu ya bidhaa jina lolote alitakalo mnunuzi. Basi wale wasemao katika maduka yetu kwamba kila kitu cha China ni kibovu hawasemi kwa insafu. Kiwanda cha huko hutengeneza kwa kadiri ya kile kilichoulizwa, na msiba wetu ni kwamba wanunuzi wetu wengi huuliza bei peke yake. Mtu akitaka tochi ya yuan 6, kisha akaja mwenzake akaitaka ile ile kwa yuan 5, kiwanda hakitamfukuza huyu wa pili. Kitaitafuta yuan hiyo moja ndani ya tochi, nayo aghalabu hupatikana katika betri, mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki. Muradi wangu katika sura hii ni kumwezesha mnunuzi, awe wa kontena zima au wa kurunzi moja, aulize kwanza itawaka muda gani na kwa nguvu gani, ndipo aulize ni kiasi gani cha fedha.

Kurunzi ya wazee wetu ilikuwa na globu yenye uzi wa tungsteni, na sehemu kubwa ya umeme wake iliishia kuwa joto. Ya leo ina LED, yaani punje ya galiamu na naitrojeni ambayo, umeme upitapo ndani yake, hutoa nuru ya buluu. Juu yake hupakwa unga wa njano ambao huigeuza sehemu ya buluu hiyo, na jicho hupokea mchanganyiko kama weupe. LED nyekundu aliionyesha Nick Holonyak huko Marekani mwaka 1962, lakini ile ya buluu, ambayo bila yake weupe usingalipatikana, iliwasumbua wataalamu miongo 3 mpaka Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura wa Japani walipoipata, nao wakatunukiwa Nobel ya fizikia mwaka 2014. Faida yake yaonekana katika hesabu: kwa kila wati 1 ya umeme globu ndogo ya zamani ilitoa kama lumeni 10 za nuru, ilhali LED njema ya leo hutoa 100 hadi 150.

Mwenye kuishika hesabu hiyo moja ameokoka na hadaa nyingi za sokoni. Juu ya masanduku huandikwa lumeni 10,000, 50,000, hata 100,000. Lakini lumeni 100,000, hata zikitolewa na LED ya lumeni 150 kwa wati, zahitaji zaidi ya wati 660, yaani umeme unaokaribia ule uliwao na pasi ya nguo, na hakuna chombo cha kiganjani chenye betri moja kiwezacho kuutoa umeme huo hata dakika moja, wala mkono wa mtu uwezao kulistahimili joto lake. Betri njema ya lithiamu ya aina ya 18650 ina nishati ya wati-saa 9 hadi 12. Nuru ya lumeni 1,000 hula wati 8 hadi 10, kwa hiyo kurunzi itoayo kiasi hicho kwa kweli itawaka muda wa saa moja hivi, kisha itakwisha. Ile ile ikiteremshwa hadi lumeni 100 itakula wati 1 tu, na baada ya kutoa kile kipoteacho njiani katika sakiti yake, itadumu saa 7 au 8.

Wala nuru nyingi si haja ya kila usiku. Jicho la mwanadamu halihesabu nuru kama mita ihesabuvyo: ili kitu kionekane kung'aa maradufu, nuru yenyewe yapaswa kuongezwa takriban mara 4, na kwa sababu hiyo tofauti ya lumeni 400 na 500, ambayo muuzaji huitoza fedha, jicho haliioni. Ndani ya chumba lumeni 5 zatosha kumtafutia mgonjwa dawa bila ya kuwaamsha waliolala. Njia ya miguu yataka 30 hadi 50. Mwenye kutafuta ng'ombe porini au kukagua shamba atafurahi kuwa na 200 au 300. Ndiyo maana kurunzi yenye daraja 3 za nuru, ya chini ikiwa ya chini kweli, ina manufaa kuliko yenye daraja moja kali na mapambo ya kumetameta. Tena rangi ya nuru isipuuzwe. Weupe wa kibuluu, ambao viwanda huupenda kwa kuwa huongeza lumeni kwa gharama ndogo, hufifisha wekundu, na mkunga atazamaye damu au rangi ya ngozi ya mtoto mchanga ana haki ya kupewa weupe wa wastani, ule uandikwao 4,000 hadi 5,000 K. Tofauti ya gharama kiwandani ni ndogo mno, nami nashangazwa na uchache wa wanunuzi wetu waiombao.

Sasa nifikie betri, ambamo ndimo mlimo kheri na shari yote.

Katika tochi za plastiki za bei ya chini, zile zenye meno ya kuchomeka ukutani, betri mara nyingi huwa ya risasi na asidi, ya volti 4. Betri ya namna hiyo hupoteza chaji yenyewe pole pole hata isipotumika, na ikikaa bila chaji sahani zake hushikwa na fuwele za salfeti ambazo, zikikomaa, haziondoki tena. Na tuifikirie safari yake. Hukaa ghalani Guangzhou mpaka kontena lijae. Hupakiwa Nansha au Huangpu na kukaa baharini mwezi hivi ndani ya sanduku la chuma lipigwalo na jua. Hungoja forodhani Dar es Salaam au Mombasa. Hukaa rafuni Kariakoo miezi kadhaa, kisha hupelekwa duka la Tandahimba au la Bungoma na kungoja tena msimu wa mavuno ili wanakijiji wapate fedha. Mtu wa mwisho katika mnyororo huo, ambaye ndiye maskini kuliko wote waliotangulia, hununua kitu ambacho kilikwisha kufa katika pakiti, akakichaji usiku kucha, kikawaka nusu saa, naye akamlaumu mwenye duka wa kijijini ambaye hana hatia. Kwa rai yangu mtu yeyote aagizaye kwa njia ya bahari asinunue kurunzi za betri ya risasi, hata zikiwa nusu ya bei, isipokuwa kama ana hakika kwamba zitauzwa upesi na kwamba atazichaji upya zikifika.

Lithiamu huvumilia safari hiyo kwa namna iliyo bora, maana hupoteza chaji kidogo tu kwa mwezi, na haitaki kuwekwa ikiwa imejaa: chaji ya theluthi hadi nusu ndiyo iitunzayo. Nambari 18650 ni vipimo vyake, kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Seli bora za umbo hilo zina mAh 3,500 hivi, na chache za karibuni hukaribia 4,000. Kwa hiyo ile iandikwayo 6,000 au 9,900 ni uongo uliochapwa kwa wino, na kwa kuwa aandikaye uongo juu ya jambo moja hana sababu ya kusema kweli juu ya lingine, mnunuzi aondoke dukani humo. Burhani rahisi kuliko zote ni mizani ndogo ya sonara, ambayo huingia mfukoni: seli ya kweli ina uzito wa gramu 44 hadi 50, na ile iliyotengenezwa kwa ghiliba huwa nyepesi sana, mara nyingine kwa sababu ndani ya ganda mmewekwa seli ndogo na nafasi iliyobaki ikajazwa unga au mchanga. Zaidi ya uwezo yapo ya usalama, ambayo hayana mzaha. Seli ya lithiamu hujaa kwenye volti 4.2, na sakiti ya kuchajia isiyojua kukoma hapo yaweza kuitia moto nyumba yenye watu waliolala. Basi na aulizwe muuzaji kama sakiti hiyo imo, na majibu yake yathibitishwe kwa mita ya mafundi umeme, ambayo bei yake ni ndogo kuliko chandarua. Mwisho, seli na itoke kwa mkono. Kurunzi ambayo seli yake imelehemewa ndani hufa pamoja na seli, ilhali ile ifungukayo mkiani hupewa seli nyingine ikaendelea miaka.

Wapo nao wasio na umeme wala sola, ambao dukani kwao huuzwa mawe ya tochi tu. Kwao kurunzi ya LED ya mawe 2 madogo ya AA bado ni chaguo la heshima: mawe ya alkalini yana nishati ya kama wati-saa 6 yakiwa pamoja, na nuru ya lumeni 50 yaweza kuwaka kwayo saa 8 hadi 10. Guangzhou ina historia ndefu katika jambo hili pia, kwani ndiko kitokako Tiger Head, kiwanda kilichoasisiwa mwaka 1928 na ambacho mawe yake makubwa yenye picha ya chui milia yamekuwa katika redio na tochi za Afrika kwa miongo mingi, wakati ambapo kiwanda cha Eveready cha Nakuru, kilichokuwa kikitengeneza mawe yetu hapa hapa, kilifungwa mwaka 2014. Lakini mawe yakisahauliwa ndani ya chombo huvuja na kukila chuma, na yakitupwa huwa balaa la aina nyingine: mwaka 2017 watafiti Gunther Bensch, Jörg Peters na Maximiliane Sievert walionyesha jinsi vijiji vya Afrika vilivyoyaacha mafuta ya taa na kuhamia taa za LED za mawe bila ya msaada wa serikali, na jinsi mawe yaliyokwisha yanavyoishia vyooni na mashambani.

Madhara ya kurunzi mbovu hayaishii kwa aliyeinunua. Mwaka 2009, watafiti Jennifer Tracy, Arne Jacobson na Evan Mills walizifuata kurunzi za LED mikononi mwa watumiaji nchini Kenya, katika Kericho na Talek miongoni mwa mahali pengine, na wakakuta kwamba sehemu kubwa mno ya watu hao walipatwa na hitilafu ndani ya miezi 6. Aliyeumia hivyo hupoteza imani na LED yenyewe, hata ile njema ikija hupita mbele yake kama mgeni asiyeaminika, na mwagizaji mwaminifu hukosa soko kwa dhambi ya mwingine. Ndipo waagizaji wetu walioko Xiaobei wanapobeba dhima kuliko wanavyodhani, maana uamuzi wa mtu mmoja mezani huko huingia katika nyumba elfu nyingi huku.

Juu ya kiwiliwili sitarefusha. Alumini iliyotiwa rangi kwa umeme huchukua joto la LED na kulitoa nje, na plastiki hulifungia ndani, kwa hiyo LED yenye nguvu ndani ya plastiki hufifia mapema. Zile LED ndogo za milimita 5 zipangwazo nyingi kwa pamoja kwenye tochi rahisi nazo hufifia mapema zikilazimishwa kupita kiasi. Swichi ndiyo ifayo kwanza baada ya betri. Lenzi ya kuvuta na kusukuma hupendeza lakini hupitisha maji na vumbi.

Kuna kanuni ya Marekani iitwayo FL1, iliyotolewa mwaka 2009, ambayo viwanda vizuri huifuata, na mnunuzi anayeijua huzungumza na kiwanda kwa lugha isiyoyumba. Kwa kanuni hiyo nuru hupimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha. Muda wa kuwaka huhesabiwa mpaka nuru ishuke hadi asilimia 10 ya ile ya mwanzo. Umbali huhesabiwa mpaka pale nuru inapobaki 0.25 luksi, kiasi kinachokaribia mbalamwezi ya usiku wa mwezi mpevu. Kuangushwa hupimwa juu ya saruji kutoka angalau mita 1. Na alama ya IPX4 ni ya manyunyu ya maji, IPX7 ni ya kuzama mita 1 kwa dakika 30. Walakini na ijulikane kwamba asilimia 10 ni kidogo sana: kurunzi iandikwayo saa 30 yaweza kuwa imeng'aa saa 2 tu, na saa 28 zilizosalia ikawa yatoa nuru ya kuaibisha. Mnunuzi aombe mchoro wa nuru kwa kila saa, na asipopewa, aufanye mwenyewe.

Kuufanya si kazi ngumu. Achukue sampuli 3 au 4 za kila aina, azilipie hata kama muuzaji hataki, arejee nazo hotelini, azichaji zijae, kisha aziwashe pamoja zikielekea dari, na kila saa apime kwa kipimo cha luksi au kwa simu yake iliyowekwa mahali pamoja pasipobadilika. Ile yenye sakiti ya kudhibiti umeme hukaa karibu na kiwango chake kwa muda mrefu. Ile isiyo nayo huanza kwa fahari na kuporomoka kabla ya saa ya kwanza kwisha. Aitazame nuru kwa kamera ya simu, na akiona mistari ikitembea ajue nuru hiyo yakatika-katika kwa kasi, jambo lichoshalo macho ya msomaji. Aiangushe sakafuni ikiwa inawaka, aizamishe katika ndoo ya bafuni, aibonyeze swichi mara mia kadhaa, kisha aifungue atazame lehemu, springi na mpira wa kuzuia maji. Sampuli mbili za sanduku moja zikitofautiana sana, hiyo yenyewe ni habari: kiwanda hicho hununua vipande popote vipatikanapo.

Baada ya hapo ndipo bei izungumzwe, na mkataba uandikwe kwa maneno ya kipimo: seli ya uwezo gani na gramu ngapi, LED ya aina gani, lumeni ngapi kwa saa ngapi, sakiti ya kinga, na fidia ikiwa mzigo hautafanana na sampuli. Neno "ubora mzuri" halina thamani mkatabani. Sampuli moja ifungwe, itiwe saini na pande zote mbili na muhuri wa kiwanda, ibaki kwa mnunuzi au kwa wakala wake wa mizigo. Desturi ya huko ni arubuni ya asilimia 30 na salio kabla ya kupakia. Salio hilo ndilo silaha pekee aliyo nayo mgeni, na asilitoe kabla ya kutuma mtu, awe mkaguzi wa kulipwa au mwenziwe amwaminiye, afungue masanduku aliyoyachagua yeye mwenyewe kutoka katikati ya rundo, apime uzito wa seli na kuwasha tochi kadhaa kwa saa zilizoandikwa. Wengi huona ukaguzi ni gharama ya ziada. Igawe gharama hiyo kwa idadi ya tochi zilizomo katika kontena, uone kilichobaki.

Tanzania na Kenya zote zina utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijapakiwa, chini ya mashirika yao ya viwango, TBS na KEBS, na cheti chake hutafutwa huko huko China mzigo ukiwa bado ghalani. Mwagizaji aulize mapema kama aina aliyoichagua imeshapimwa. Seli za lithiamu nazo zapaswa kuwa na hati ya majaribio ya Umoja wa Mataifa iitwayo UN 38.3, na kiwanda kisichoweza kuitoa hakifai kuuziana nacho, kwani wakala mwaminifu hatazipakia bila ya hiyo. Seli zisafirishwazo peke yake kama mizigo ya ndege haziruhusiwi kuzidi chaji ya asilimia 30. Mtu achukuaye chache kwa matumizi ya nyumbani azitie katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku liendalo chini ya ndege, kila moja ikiwa ndani ya kifuko chake ili ncha zisigusane na chuma kingine.